Gololi na Utando wa Buibui

Kituoni Kerege, kijana mmoja alitazama video ya Marble Machine kwenye simu ya mwenzake. Hakuuliza wimbo unaitwaje, aliuliza, "Sasa hizo gololi zinarudije juu?" Wahakiki wengi wa muziki wasingefika hapo.

Video hiyo ya kundi la Wintergatan la Sweden, iliyotoka Machi 2016, imejengwa juu ya swali hilohilo. Martin Molin wa kundi hilo anazungusha mpini wa mtambo, mpini unapandisha gololi za chuma, nazo ziko kama 2,000. Gurudumu la mbao lenye vigingi linafungua kilango, gololi inadondoka, inagonga kibao cha vaibrafoni na kupotelea kwenye njia yake. Kamera inasogea karibu mno, hivyo jicho linawahi kuliko sikio: gololi ikiwa bado hewani, sisi tumeshaisikia. Utamu wote uko kwenye nukta hiyo. Nilijaribu kusikiliza nikiwa nimefumba macho. Ni mzunguko mmoja unaorudi na kurudi, na kabla haujaisha nilikuwa nimechoka.

Molin analijua hilo, ndiyo maana hakuuachia mtambo ujiendee. Anavuta vishikio, ngoma inanyamaza, inarudi. Kwenye besi, mkono wake wenyewe unabana nyuzi. Vigingi havibadili nia, na vyenyewe si vipya: Banu Musa, wale ndugu watatu wa Baghdad, walieleza filimbi ya kujipiga tangu karne ya 9. Kinachonikera ni kwamba kelele ya gololi zikigongana inasikika kwa mbali, kana kwamba chuma kimeonewa haya.

Ukifuata barabara kutoka Kerege kwenda kaskazini unafika Bagamoyo, alikoishi mwanamuziki Hukwe Zawose hadi alipofariki Desemba 2003. Ilimba yake ya Kigogo nayo ni mtambo, sanduku la mbao na ndimi nyingi za chuma, ila fani yake imepinduliwa. Zipo ndimi ambazo kidole hakizigusi. Kazi yake ni kutetemeka jirani zake wakipigwa. Tundu la sanduku huzibwa kwa utando wa buibui, makusudi, ili sauti ipate mkoromo. Kelele ambayo video ya Wintergatan inaisukuma nyuma, hapa inatafutwa kwa mikono na kubandikwa. Na sababu ya sauti haionekani: macho yanaona vidole gumba viwili, sikio linapokea umati. Mpiga picha angesogeza kamera mpaka iguse chuma, asingetoka na kitu.

Yule kijana aliirudia video sauti ikiwa imezimwa, maana konda alikuwa anaita abiria na hakuna kilichosikika. Akaitazama hadi mwisho, akitikisa kichwa kwa mapigo.