Mzimu kama Pazia: Mkabala wa Muhammed Said Abdulla katika Riwaya ya Upelelezi

Ni kawaida kwa wahakiki kumtazama Muhammed Said Abdulla kama mwanafunzi wa Arthur Conan Doyle. Ithibati haikosekani: Bwana Msa ana kiko chake kama Sherlock Holmes, na Najum yuko pembeni mwake, kama Watson, akiuliza yale ambayo msomaji mwenyewe angeyauliza. Ulinganisho huo, hata hivyo, unaonyesha alichokiazima mwandishi, hauonyeshi alichokifanyia.

Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyochapishwa mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi la 1957/58, inampokea msomaji kwa jina la mahali panapoogopwa. Kisima cha Giningi (1968) inafanya vivyo hivyo, kwani katika masimulizi ya Wazanzibari Giningi ni makao ya wachawi. Ni kweli kwamba Doyle naye alitumia kitisho cha aina hii katika The Hound of the Baskervilles (1902), lakini asili ya mbwa yule ni laana ya ukoo mmoja. Mzimu wa Abdulla ni wa watu wote, na wasomaji wake wa mwanzo walikuwa wakiishi jirani na mizimu ya namna hiyo. Kwa hiyo kazi ya Bwana Msa ni nzito kuliko kumtaja mwuaji. Anapaswa kuonyesha jinsi imani ya jamii inavyoweza kuwa pazia la binadamu mwenye tamaa, na afanye hivyo bila kuwadhihaki walioamini. Hapa ndipo ustadi wa Abdulla ulipo, na ndipo anapoachana na Doyle. Silaha ya Bwana Msa ni mazungumzo: utani, udadisi wa nasaba, na subira ya mtu wa barazani.

Udhaifu wake unatokana na ustadi huohuo. Kwa kuwa ufumbuzi hutolewa kwa maelezo marefu mwishoni, msomaji huachwa akisikiliza badala ya kushindana na mpelelezi. Dalili nyingine huzipata zikiwa zimekwisha kufasiriwa. Aidha, ingawa riwaya zake nyingi zilichapishwa baada ya Mapinduzi ya 1964, ulimwengu wake kwa sehemu kubwa unabaki kuwa ule wa mashamba na mabwana wa zamani. Mpelelezi anayewafumbua watu macho kuhusu mizimu haulizi mashamba hayo yalipatikanaje.