Skrini ya Pili Imegoma: Chanzo Kilivyosakwa

Draiva ya kadi ya NVIDIA ilibadilishwa toleo kwenye laptopu inayotumia Ubuntu, kisha mashine ikawashwa upya. Kuanzia hapo skrini ya nje ikagoma. Ilikuwa na umeme, lakini iliandika kwamba hakuna mawimbi, na kwenye mipangilio ilionekana skrini moja tu, ile ya laptopu yenyewe. Mengine yote yalikwenda sawa. Hapo ndipo wengi hukimbilia kufuta mfumo mzima na kuuweka upya, kazi ya nusu siku ambayo haimwambii mtu tatizo lilikuwa nini.

Waya wa HDMI haukuwa na kosa, kwani kwenye kompyuta nyingine skrini ileile ilitoa picha safi kwa waya huohuo.

Laptopu za namna hii zina kadi mbili. Ya Intel, iliyomo ndani ya prosesa, huchora skrini ya laptopu. Ya NVIDIA huitwa kwenye kazi nzito. NVIDIA iliutangaza mpangilio huu mwaka 2010 kwa jina la Optimus. Jambo ambalo watumiaji wengi hawaambiwi ni kwamba kwenye mashine nyingi za aina hii tundu la HDMI limeungwa na kadi ya NVIDIA peke yake. Kadi hiyo ikikosa draiva, tundu nalo halifanyi kazi, huku skrini ya laptopu ikiendelea kuwaka kana kwamba hakuna lililoharibika.

Kwa hiyo wa kwanza kuulizwa ni keneli, kwa amri moja: ls /sys/class/drm. Kila tundu la picha ambalo keneli inalitambua huorodheshwa humo kwa jina. Lilijitokeza card0-eDP-1, yaani skrini ya laptopu, basi. HDMI-A-1 halikuwepo kabisa. Jambo hili lina uzito. Jina lingekuwepo na faili lake la status likasema disconnected, tungerudi kukagua waya na skrini. Jina lisipokuwepo, inaelekea keneli haina draiva ya kadi yenye tundu hilo, na kuhangaika na xrandr au mipangilio ya GNOME ni kupoteza muda, maana nazo hupokea orodha kutoka hukohuko chini.

Amri ya lspci -k ilithibitisha. Kadi ya NVIDIA ilitajwa, kwa hiyo haikuwa imeungua, ila chini yake haukuwepo mstari wa "Kernel driver in use". Draiva ya nouveau, ambayo ingeweza kushika nafasi, ilikuwa imezuiwa pale draiva ya NVIDIA ilipowekwa. Ikabaki kuipakia moduli kwa mkono, sudo modprobe nvidia, na jibu likaja: "Key was rejected by service".

Jibu hilo lilimaliza ubishi. Secure Boot ikiwa imewashwa, keneli ya Ubuntu hukataa moduli isiyo na saini ya ufunguo inaouamini. Toleo la awali la draiva lilikuja likiwa limeshatiwa saini na Ubuntu. Jipya lilijengwa papo hapo kwa DKMS na kutiwa saini kwa ufunguo wa mashine yenyewe, na ufunguo huo lazima usajiliwe. Skrini ya bluu ya kuusajili hutokea mara moja tu mashine inapowaka, husubiri sekunde 10, kisha huondoka. Ilipita bila mtu kubonyeza kitu.

Tiba ilikuwa fupi: sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der, kuweka nywila, kuwasha upya, kubonyeza kitufe chochote skrini ya bluu ilipotokea, kuchagua Enroll MOK na kuingiza nywila ileile. Mfumo ulipofunguka, HDMI-A-1 ilikuwa kwenye orodha na skrini ya nje ikawaka.

Wapo wanaoshauri kuzima Secure Boot. Skrini itawaka, kweli, lakini sikubaliani nao. Kinga hiyo huzuia moduli zisizojulikana kuingia ndani kabisa ya mfumo, na kusajili ufunguo ni kazi ya dakika chache. Hata moduli ambazo NVIDIA ilifungua msimbo wake Mei 2022 zinahitaji saini hiyohiyo zikijengwa kwa DKMS. Ukibadilisha draiva, basi, usiondoke mbele ya mashine hadi imalize kuwaka.