Vilima kwenye Mstari

Siku tatu za kwanza hakugusa kitu. Alikaa mkekani barazani kwa shangazi yangu, Tanga, kompyuta mpakato juu ya kigoda, visikilizio masikioni, akitazama video moja baada ya nyingine kuanzia ile ya kwanza kabisa. Shangazi akipita na sinia la mchele alimwuliza, "Mwanangu, umeshaliona tatizo?" Kijana alivua visikilizio, akajibu kwa adabu, "Bado naangalia, mama." Mimi ndiye niliyemleta, fundi wa kuifufua chaneli ya YouTube ya shangazi, na kufikia siku ya tatu nilikuwa nimeanza kuona haya. Nilitegemea aje na dawa za haraka: ondoeni hiki, ongezeni kile, pandisheni video kila siku. Yeye alikuwa na daftari la shule na kalamu ya bluu, akiandika dakika na sekunde.

Tangu wiki ile nimeiheshimu kazi ya kufufua chaneli kuliko ya kuianzisha. Anayeanzisha hana wa kumpoteza. Anayefufua anakuta watu waliokwisha kuzoea, wengine wamehama bila kuaga, na mwenyewe ameumia moyo kiasi kwamba kila neno linamchoma. Inabidi afanye kazi yake huku akijua hayo yote.

Chaneli ya shangazi ilizaliwa bila mpango. Mjukuu wake alikuwa na simu, bibi alikuwa anapika vitumbua vya kuuza alfajiri, basi akamrekodi. Video ile haina taa wala muziki. Kuna mikono, chuma cha vitumbua juu ya jiko la mkaa, jogoo wa jirani, na sauti ya shangazi akieleza kwa nini mchele ulale majini usiku kucha na kwa nini kitumbua cha kwanza hunata. Ilisambaa. Waliandika watu wa Mombasa, wa Unguja, wa Muscat, wa Minneapolis, wengi wakisema jambo moja: wamemsikia bibi yao.

Baada ya hapo wakaanza kuishi kama watu waliofanikiwa. Walinunua taa ya duara na meza yenye kitambaa cheupe. Walitengeneza utangulizi wenye nembo inayozunguka. Shangazi, aliyepika maisha yake yote akiwa ameketi, alisimamishwa nyuma ya meza na kufundishwa maneno ya kukaribisha, ya kuomba watu wabonyeze kengele, ya kutaja kitakachofuata. Mjukuu alijua kwamba video ya dakika 8 na kuendelea inaweza kuwekewa matangazo katikati, basi kila pishi likavutwa mpaka lifike dakika 8, hata pishi la chai. Na kwa kuwa wengine walikuwa wanapika piza, shangazi naye akapika piza. Watazamaji walipungua kama maji yanavyokupwa: hakuna anayeyaona yakienda, unageuka tu unakuta mitumbwi imekaa kwenye tope.

Mjukuu aliilaumu algoridhimu. Wote tulisema hivyo, maana ni neno linalompumzisha mtu. Fundi hakubishana naye. Alimweleza tu historia fupi, nami niliisikia kwa mara ya kwanza siku hiyo. YouTube ilianza mwaka 2005 kwa video ya sekunde 19 ya kijana aliyesimama mbele ya tembo kwenye bustani ya wanyama ya San Diego. Kwa miaka kadhaa kilichohesabiwa zaidi kilikuwa kubonyeza: wangapi wameifungua video. Mwaka 2012 mtandao ule ukaanza kuthamini zaidi muda ambao mtu anabaki akitazama. "Zamani ilitosha mtu apige hodi," alisema. "Sasa wanaangalia kama mgeni alikaa."

Kukaa kwa mgeni kuna mchoro wake, na kusoma mchoro ule ndiyo sehemu ya ufundi iliyonivutia zaidi. Kila video ina mstari. Unaanzia juu kushoto, watu wote wakiwamo, na unashuka kuelekea kulia kadiri wanavyoondoka. Kila mstari hushuka, hata wa video bora. Jicho la fundi liko kwenye namna ya kushuka. Mteremko mkali mwanzoni unasema kwamba watu hawakukuta walichoahidiwa, ndiyo maana YouTube humwonesha mwenye chaneli ni sehemu gani ya watazamaji iliyosalia ilipofika sekunde ya 30. Bonde la ghafla katikati ni mahali waliporuka. Mstari ukilala, wamekaa. Ukipanda, ukafanya kilima kidogo, watu wamerudi nyuma kutazama tena pale pale.

Video ya piza ilikuwa na mteremko kama wa paa la makuti. Nembo ilipokuwa inazunguka, watu walikuwa wanatoka, na mtu anayeishi kwa bando la siku ana haki ya kutoisubiri. Mabonde ya namna hiyo kila mhariri anayaona. Kijana huyu aliyaandika kurasa za kushoto za daftari, kisha akayaacha. Siku zote tatu alikuwa anatafuta vilima, na hivyo aliviandika kulia.

Kilima cha kwanza alikikuta ndani ya video ya biriani ambayo karibu hakuna aliyeitazama. Kwenye dakika ya saba shangazi anasahau maneno aliyofundishwa. Anachovya ncha ya mwiko kwenye mafuta, anainama, anasema, "Ukiona mapovu madogo yanauzunguka mwiko, mafuta yako tayari. Yasipokuja, ngoja." Kisha anangoja kweli, kimya, sekunde nne. Hao wachache waliofika hapo walirudi nyuma kuangalia tena. Kilima cha pili kilikuwa kwenye chapati, pale anapoubonyeza unga kwa kidole na kuutazama ukirudi juu taratibu. Kingine ni pale anapokoroga tui juu ya moto na kuonesha lilivyo kabla halijakatika. Kingine ni pale anapotega sikio kwenye sufuria ya wali, kwa sababu maji yakikauka sauti hubadilika. Video zaidi ya hamsini, na vilima vyote vilikaa mahali pa aina moja: anaposahau kamera na kuonesha dalili.

Fundi alipomsomea orodha ile, shangazi alicheka mpaka akashika kiuno. "Hayo si mapishi, mwanangu. Hayo ni kujua tu." Kijana aliandika maneno hayo juu ya ukurasa na kuyapigia mstari. Mfululizo mpya ulitoka humo. Kila video ingejengwa juu ya dalili moja: unajuaje mafuta yamepata moto, unajuaje unga umelainika, unajuaje samaki ameiva ndani.

Kuna mtu ambaye fundi huyu humtaja kama wengine wanavyomtaja mwalimu wao wa chuo. Ni Derek Muller, aliyeanzisha chaneli ya sayansi ya Veritasium mwaka 2011. Kabla ya hapo, mwaka 2008, Muller alipata udaktari Chuo Kikuu cha Sydney kwa utafiti juu ya video za kufundishia fizikia. Aligundua kwamba wanafunzi wakioneshwa maelezo yaliyonyooka, huyasifu kuwa yanaeleweka vizuri, lakini wakipimwa huonekana hawakujifunza sana. Waliooneshwa kwanza dhana potofu ikizungumzwa na kupingwa walisema video inachanganya, na ndio waliojifunza zaidi. Mtu anayedhani anajua hasikilizi mpaka alione kosa lake. Fundi wetu alilileta somo hilo jikoni: video mpya ya vitumbua inaanza na kitumbua kilichonata, shangazi akikibandua vipande vipande kwa kijiti. Hakuna salamu kabla yake. Salamu inakuja baadaye, akishakaa sawa, na kwa kuwa haikuharakishwa inasikika kama salamu ya kweli.

Kwa Muller huyo huyo alijifunza kurudi kwenye kazi za zamani. Mwaka 2021 Muller alitoa video nzima ya kueleza jinsi anavyobadilisha vichwa na vijipicha vya video zilizokwisha kutoka, akifuata namba, akitafuta maneno yatakayowaita watu bila kuwadanganya. Napenda uaminifu wa kazi hiyo. Kitu ni kile kile, kinachobadilika ni mlango.

Mlango wenyewe ni mdogo kuliko nilivyofikiri. YouTube huhesabu kwamba kijipicha kimeonekana ikiwa angalau nusu yake imekaa kwenye kioo kwa zaidi ya sekunde moja. Kwa maelezo ya YouTube wenyewe, nusu ya chaneli na video zote hupata kubonyezwa kati ya asilimia 2 na 10 ya mara zinazoonekana. Kwa hiyo hata chaneli inayofanya vizuri, watu tisa kati ya kumi hupita. Fundi alikuwa na kipimo chake. Alipunguza mwanga wa simu hadi nusu, akatoka nayo juani saa sita mchana, akamfuata mama anayeuza ndizi kando ya njia. Alimwonesha kijipicha cha zamani kwa kitambo kifupi, akakifunika. "Umeona nini, mama?" "Mwanamke na meza," alisema. Fundi alirudi ndani, akakaa nacho saa mbili. Safari ya tatu alimpelekea picha ya kitumbua kilichopasuliwa, mvuke unatoka, vidole viwili vimekishika. "Kitumbua," alisema mama wa ndizi. "Cha moto."

Vichwa vilivyosomeka kama namba za faili navyo vilibadilishwa. Kilichokuwa "Mapishi sehemu ya 47" kikawa swali ambalo mtu angeweza kumwuliza mama yake.

Kisha ikaja kazi isiyosifiwa. YouTube humruhusu mwenye chaneli kupunguza kipande cha video iliyokwisha kupandishwa, huku anwani yake, maoni yake na hesabu ya waliotazama vikibaki. Kijana aliiondoa nembo inayozunguka kwenye video zote za zamani, moja moja, usiku, kwa sababu usiku intaneti ya mtaani huwa na nafuu. Kila moja ilichukua muda mrefu kujihifadhi. Nilimkuta saa nane za usiku akiwa na kikombe cha chai kilichopoa, akingoja mstari mwekundu ufike mwisho ili aanze nyingine. Mjukuu alipendekeza wafute video zilizoshindwa au wafungue chaneli mpya kabisa. Fundi alikataa yote mawili. Watu wa mwanzo wako hapa, alisema, na tukihama watatutafuta wapi? Hata piza ipo mpaka leo.

Lakini lililonifundisha zaidi ni zile sekunde nne za mafuta. Wahariri wengi wangezikata, kwa kuwa kanuni ya kazi yao ni kuondoa ukimya wote, na wana sababu zao. Nilikaa nyuma yake akizihariri upya katika video ya mafuta. Alizifanya mbili, akatazama. Akazifanya moja, akatazama. Akaegemea ukuta, macho ameyafumba, akasikiliza bila kuangalia. Kisha akazirudisha nne zote. Nilimwuliza kwa nini. "Nikikata, mafuta hayapati moto," alisema. Mtazamaji naye inabidi angoje pamoja na mama, ndipo mapovu yakija yamfurahishe. Mkono unaojua kukata kila kitu na bado ukaacha hapo, huo ndio mkono niliokuja kuuona.

Video ya kwanza ya mfululizo mpya haikusambaa. Mjukuu alinuna. Fundi alifungua mchoro, akauweka kando ya ule wa piza, akatuita. Wa piza ulikuwa umedondoka kama jiwe kisimani. Huu mpya ulishuka kidogo mwanzoni, ukalala, ukaenda umelala karibu mpaka mwisho, na mahali pa mapovu ukanyanyuka. Waliofika walikuwa wachache, na walikaa. Alitabasamu kama seremala anapopitisha kiganja kwenye mlango usiokwaruza. Alisema waliokaa ndio watakaoleta wengine, tusubiri. Ilichukua miezi. Kufikia video ya nne, biriani ya zamani ikaanza kutembelewa. Kufikia ya saba, maoni ya kutoka Muscat yalikuwa yamerudi, yakiuliza shangazi alikuwa wapi siku zote hizo.

Mara ya mwisho nilipokwenda, walikuwa wanarekodi video ya wali. Meza nyeupe imekuwa ya kuanikia muhogo. Shangazi alikuwa ameketi kwenye kibao chake cha zamani, sufuria mbele yake, makaa juu ya kifuniko. Fundi alipiga magoti na kusogeza maiki karibu na sufuria mpaka nikahofia itaungua. Aliomba feni izimwe. Mjukuu akazima na redio. Shangazi aliinua kidole kimoja, na sote tukatega sikio: mchemko mzito kwanza, kisha mwembamba, kisha mlio mdogo mkavu kama mchanga unaomiminwa.

"Haya," alisema shangazi taratibu, "umeusikia?"

Hakuna aliyesimamisha kamera.