Nguruwe wa Calydon na Mshale wa Atalanta

Katika kitabu cha nane cha Metamorphoses mna hadithi ya nguruwe wa Calydon, nayo ni katika zile hadithi za kale zijulikanazo sana na kusomwa vibaya. Ovid, mshairi wa Kirumi aliyezaliwa mwaka 43 kabla ya Kristo, alikuwa amekwisha kuutunga utenzi huo mrefu, au yu karibu na kuumaliza, katika mwaka 8 baada ya Kristo, Kaisari Augusto alipomfukuza kwenda Tomis, pwani ya Bahari Nyeusi. Vitabu vya shule huifupisha hadithi hivi: mfalme Oeneus alitoa malimbuko kwa miungu yote akamsahau Diana, Diana akaleta nguruwe, Meleager mwana wa mfalme akakusanya mashujaa, nguruwe akauawa, wakagombania ngozi, na mama akamwua mwanawe kwa kuchoma kinga cha moto. Maneno hayo si uongo. Lakini yameacha kinamasi, yameacha uta, na kwa kuviacha hivyo viwili yameiacha sababu ya ugomvi, hata mwanafunzi hudhani watu walichinjana kwa ajili ya kipande cha ngozi tu.

Kwanza tutazame mahali. Ovid hakumweka mnyama wake mlimani wala katika uwanda. Amemweka katika bonde lenye shimo ambamo vijito vya maji ya mvua huingia, na chini kabisa mna miti ya maji, na majani ya kinamasi, na matete mafupi chini ya matete marefu. Mtu wa kwetu aliyelinda shamba la mpunga au la mihogo kando ya mto ataona mara moja ya kuwa mshairi huyu, ijapokuwa alikuwa mtu wa mjini, hapa amesema kweli. Nguruwe wa mwitu hutoka usiku kuharibu mazao, na mchana hulala palipo na matete na ukangaga, penye tope la kujipoza.

Hapo ndipo mfasiri apaswapo kuwa na hadhari. Tumesikia hadithi hii ikisimuliwa kwa neno ngiri, kwa sababu ngiri ana meno yatokayo nje na sura ya kutisha. Lakini ngiri ni mnyama wa mbuga. Huonekana mchana akila majani kwa kupiga magoti, na usiku huingia pangoni mwake. Kumtia ngiri katika matete ya Calydon ni kuwacheza shere wasikilizaji waliokulia porini, nao hawataamini sehemu nyingine ya hadithi. Nguruwe-mwitu ndilo neno, maana ni huyo apendaye vichaka na maji, ingawa yule wa Ulaya ni wa jamii nyingine, naye ndiye baba wa nguruwe wafugwao.

Wahakiki wengi wamemcheka Ovid kwa jinsi alivyompamba mnyama wake: macho ya damu na moto, meno kama ya tembo wa Bara Hindi, majani yakiungua kwa pumzi yake. Tumekubali kwamba amezidisha, na kuzidisha ndiyo tabia yake. Walakini habari ya moto haikutoka hewani. Xenophon, Myunani aliyeandika kitabu cha uwindaji karne nyingi kabla ya Ovid, naye alikuwa mwindaji mwenyewe, asema ya kuwa meno ya nguruwe ni moto hata mtu akiweka nywele juu yake mara mnyama akiisha kufa, nywele hujikunja. Na akiwa hai huziunguza ncha za manyoya ya mbwa. Basi Ovid amechukua itikadi ya wawindaji akaivimbisha. Mtu asiyejua itikadi hiyo huona mzaha tu mahali palipo na mzaha na desturi pamoja.

Sasa silaha. Xenophon ataja nyavu, mbwa, mikuki ya kutupa, na mkuki mzito wenye meno mawili ubavuni ili nguruwe asiweze kupanda juu ya mti wake hata amfikie mtu. Uta hautaji kwa nguruwe. Ndivyo walivyokuja mashujaa wa Ovid: nyavu zimetandwa, mbwa wamefunguliwa, kila mtu na mkuki wake. Kisha kinamasi chawaaibisha mmoja mmoja. Mkuki wa kwanza, wa Echion, wachoma mti. Wa Jason wapita mbali. Akitupa tena, amwua mbwa asiye na hatia. Nestor, ambaye baadaye atakuwa mzee wa hekima huko Troya, aruka kwa mkuki wake akapanda mtini. Telamon ajikwaa katika mzizi akaanguka kifudifudi. Castor na Pollux, wazuri juu ya farasi weupe, wangalimpiga, lakini mnyama aingia mahali pasipopitika kwa farasi wala kwa mkuki. Ancaeus wa Arcadia, mwenye shoka, ajisifu ya kuwa silaha za mwanamume zashinda za mwanamke, na maneno hayajakwisha kinywani, tumbo lake limekwisha kupasuliwa.

Tumeorodhesha haya kwa sababu wasomaji huyachukua kuwa ni vichekesho, nasi twayaona kuwa ni hoja. Silaha za waungwana zimeletwa mahali pasipo pake. Farasi wataka uwanda, na mkuki wa kutupa wataka nafasi ya mkono. Katika matete silaha ifaayo ni ile impigayo mnyama kutoka mbali kidogo, kwa kupenya uwazi mdogo, bila mpigaji kusogea. Nayo ni uta, na katika kundi lile Ovid amempa uta msichana Atalanta wa Tegea. Telamon akiwa bado chini na Peleus akimwinua, ndipo Atalanta atiapo mshale katika upote akapiga. Mshale wakwaruza juu ya mgongo ukasimama chini ya sikio, na damu kidogo yatoka katika manyoya.

Hapa twamsifu mshairi na kumlaumu pia. Twamsifu kwa kuwa hakumfanya msichana aue kwa mshale mmoja. Nguruwe dume ana ngao ya nyama ngumu chini ya ngozi ya mabegani, na mshale usio na sumu hauna budi kupita nyuma ya bega kuufikia moyo na mapafu. Jeraha la chini ya sikio humghadhibisha tu. Wakamba, ambao uta wao ulikuwa na sifa katika nchi yote, walipaka mishale sumu ya mti ambao wataalamu huuita Acokanthera, sumu iuzuiayo moyo, kwa sababu walijua ya kuwa jeraha peke yake ni ahadi tu. Twamlaumu kwa kuwa uta ni silaha ya kuotea. Mwenye uta hukaa kimya upande usiopeleka harufu yake kwa mnyama, kando ya njia yake ya kwenda majini. Kumweka mwenye uta katikati ya kelele za mbwa na vijana wanaoanguka, kisha kumpa shabaha, ni bahati ya mshairi. Hata hivyo kosa hili si la Ovid peke yake. Wachoraji wa Kiyunani walikuwa wamekwisha kuchanganya mishale na mikuki katika windo hili, kama ilivyo katika chombo kikubwa cha udongo cha Kleitias na Ergotimos, cha karibu mwaka 570 kabla ya Kristo, kilichoko Florence.

Msomaji wa pwani apaswa kuambiwa jambo moja ambalo hatalikisia. Kwake yeye uta ni silaha ya heshima. Fumo Liyongo, ambaye habari zake Askofu Steere alizipiga chapa mwaka 1870 na Muhamadi Kijumwa akazitungia utenzi mwaka 1913, alikufa amepiga goti penye kisima na mshale u katika uta, na watu wa mji waliona kiu siku kadha wa kadha kwa kumwogopa maiti. Wayunani wa Homer hawakuona hivyo. Kwao mpiga mishale alikuwa kama mwoga apigaye kwa mbali, na Paris alitukanwa kwa ajili hiyo. Basi aibu ya wanaume wa Calydon ilikuwa mara mbili: wametanguliwa na mwanamke, tena kwa silaha waliyoidharau. Na Ovid ameongeza shubiri kwa kuwataja wajomba wawili walionyang'anya ngozi: mmoja ni Plexippus, yaani mpiga-farasi, na wa pili Toxeus, yaani mpiga-uta. Mwenye jina la uta ndiye aliyemnyang'anya mwenye uta.

Tumefika penye kiini. Damu ilipoonekana, Meleager ndiye aliyeiona kwanza, akawaonyesha wenzake, akasema ya kuwa msichana atapata heshima aliyoistahili ya virtus. Neno hilo la Kilatini limetoka katika vir, mwanamume. Mfasiri akiandika ushujaa hakukosa, lakini ameng'oa mwiba: shujaa ni neno tulilopewa na Kiarabu, nalo twamwita hivyo mwanamume na mwanamke. Meleager amesema kwamba mwanamke atapewa heshima ya uanaume, na ndiyo sababu wale wengine wakaona haya, wakatupa mikuki yote pamoja hata ikazuiana yenyewe kwa yenyewe. Hilo ni neno la ustahili. Lakini nguruwe akiisha kufa, na Meleager mguu juu ya kichwa chake, lugha imebadilika. Sasa amwambia Atalanta atwae kilicho haki yake yeye Meleager, wagawane utukufu. Ustahili umekuwa zawadi.

Twadhani hapo ndipo hadithi ivunjikapo, na Ovid alijua. Maana zawadi hutazamwa mtoaji na sababu yake, na mshairi alikuwa amekwisha kutuambia kwamba Meleager alimpenda msichana tangu kumwona. Wajomba wakapata mlango: wakamwambia Atalanta asitumaini uzuri wake, wakamwondolea yeye zawadi, na Meleager haki ya kuitoa. Kama Meleager angalishika neno lake la kwanza, hawangalikuwa na la kusema ila kuipinga damu iliyoonwa na wote. Ziko jamaa za watu waliolikata shauri hili zamani. Kwa Wasani wa Kalahari waitwao Ju/'hoansi, desturi yao ya uwindaji ilikuwa kwamba mwenye nyama ni mwenye mshale wa kwanza uliompata mnyama barabara. Hata mshale ukiwa wa kuazimwa, hata mwenyewe akiwa mwanamke aliyebaki kambini, yeye ndiye mgawaji. Kwa sheria hiyo Atalanta asingalingoja zawadi. Yeye ndiye angaligawa, na Meleager angalipata fungu lake mkononi mwake. Mtu aweza kusema ya kuwa mshale ule ulikwaruza tu, na ubishi huo wafaa kabisa kufanywa darasani.

Wajomba nao wasihukumiwe upesi. Apollodorus, aliyeiandika hadithi hii kwa Kiyunani, asema walidai ngozi kwa haki ya ukoo, kama Meleager haitaki mwenyewe. Katika lugha nyingi za Ulaya neno la mjomba na neno la baba mdogo ni moja, na msomaji huko haoni uzito wa dai hilo. Kiswahili hapa chazidi: tukisema mjomba tumekwisha kusema kila kitu, hasa tukisimulia kwa Wayao au Wamakonde, ambao kwa desturi yao mtoto ni wa ukoo wa mama na mjomba ni mwenye neno. Meleager aliwachoma wote wawili. Kisha Althaea mama yake, aliyekuwa akienda hekaluni kushukuru kwa ushindi wa mwanawe, akutana na maiti za ndugu zake zikiletwa. Kinga cha moto alichokificha tangu mtoto kuzaliwa, kwa kuwa uhai wa mtoto ulifungwa nacho, akitoa. Mara nne ataka kukitia motoni, mara nne ajizuia. Sehemu hiyo, mama akishindana na dada ndani ya mtu mmoja, ndiyo iliyo bora kuliko zote, na mwalimu asiyekuwa na muda aache orodha ya mashujaa asiache hiyo.

Homer aliisimulia habari hii kwa njia nyingine katika kitabu cha tisa cha Iliad, kinywani mwa mzee Phoenix. Kwake hakuna Atalanta wala kinga cha moto. Kuna ugomvi juu ya kichwa na ngozi uliozaa vita, na mama apigaye ardhi kwa mikono akimlaani mwanawe. Kwa kuonya mtu mwenye hasira, ambayo ndiyo kazi ya Phoenix, Homer amemshinda Ovid bila shaka. Lakini kwa Homer hatujui kwa nini ngozi iligombaniwa.

Ngozi yenyewe, Pausanias asema aliiona katika karne ya pili baada ya Kristo, katika hekalu la Athena Alea huko Tegea, imeoza kwa uzee wala haina unywele hata mmoja. Meno Augusto alikuwa ameyachukua Rumi baada ya kumshinda Antonio. Basi wasomaji wa kwanza wa Ovid, waliposoma juu ya meno kama ya tembo, walikuwa na meno ya nguruwe huyo, au yaliyoitwa yake, katika mji wao. Na Tegea ni mji wa Arcadia, nchi ya Atalanta.