Gita la Katikati: Jinsi Bendi za Tanga Zilivyopanga Muziki Wao

Wanaozikumbuka bendi za jazi za Tanga huanza na waimbaji. Steven Hizza wa Atomic Jazz hutajwa mapema, kwa sababu "Tanzania Yetu" haijaacha kusikika redioni. Baada ya waimbaji hufuata mpiga gita la solo. Mpiga gita la rizimu, lile la katikati, hafikiwi. Nami naamini kwamba anayetaka kujua Tanga ilipigaje muziki wake aanze na huyo asiyefikiwa: mtu wa ridhaa, mkazi wa Makorora au Ngamiani, mchana yuko bandarini, relini au kwenye kampuni ya mkonge, jioni anashika gita ambalo hata si lake.

Gita kutokuwa lake ni jambo la msingi. Bendi nyingi za wakati ule zilikuwa klabu, na vyombo vilikuwa mali ya klabu au ya mfadhili wake. Jamhuri Jazz, kwa mfano, ilianza miaka ya 1950 kwa jina la Young Nyamwezi, na jina hilo linatueleza mkonge ulivyowaleta pwani watu wa bara. Zao hilo liliingia nchini mwaka 1893 kwa miche 62 tu iliyosalimika safarini, likaja kuujaza mji wa Tanga vijana wenye mshahara mdogo na hamu kubwa ya dansi. Neno "jazz" katika majina ya bendi hizo halikuwa na uhusiano mkubwa na New Orleans. Walichokisikiliza ni rumba ya Kyuba, iliyofika Afrika kwa sahani za mfululizo wa GV kuanzia mwaka 1933, na baadaye rumba ya Kongo. Kila bendi iliupa mchezo wake jina: NUTA Jazz ya Dar es Salaam walikuwa na Msondo, Western Jazz na Saboso, Atomic na Kiweka.

Sasa tuisikilize kazi yenyewe. Kodi za gita mara nyingi ni tatu, zinazunguka kwa mpangilio uleule mwanzo hadi mwisho. Besi haijazi kila pigo. Inalikwepa pigo la kwanza na kutua kabla yake, tabia iliyotoka Kyuba. Ngoma ya tumba inaziba nafasi za chini. Solo inakaa juu, kwenye nyuzi nyembamba, mara nyingi ikitoa noti mbili kwa pamoja zinazoandamana kama sauti ya kwanza na ya pili ya waimbaji. Kati ya besi na solo panabaki uwazi, na hapo ndipo rizimu ilipokaa.

Mpiga rizimu wa Tanga hakuzicharaza nyuzi zote kwa mkupuo. Alizidonoa mojamoja, akiivunja kodi vipande, ili kila noti iangukie pale solo iliponyamaza. Ukimsikiliza peke yake utasikia kiwimbo kifupi kinachojirudia. Ukiwasikiliza wote wawili, noti zao zinapishana kama miyaa katika ukili, na ni vigumu kusema ipi ya nani. Kwa hiyo magita mawili yalitoa sauti ya magita matatu au manne. Kwa klabu isiyo na fedha za kuongeza vyombo, huo ulikuwa ufundi mkubwa.

Ugumu wa kazi hiyo ni kutulia. Mwimbaji anaweza kupumua, solo inaweza kunyamaza, lakini rizimu ikiyumba mara moja wachezaji wanaijua kwa miguu kabla ya masikio. Halafu inafika chemko, sehemu ya pili ya wimbo, ambapo mashairi yanapisha magita. Mara nyingi hapo rizimu hufupisha kiwimbo chake na kukibana, na solo inapata ruhusa ya kukimbia. Watu husifia mbio. Mimi nasifia aliyetandika njia.

Mazingira ya kurekodi yaliutia ufundi huu nguvu. Studio ya Redio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi nzima kwa pamoja, kwa maikrofoni chache, bila nafasi ya kurudi kurekebisha chombo kimoja. Kosa la rizimu lilibaki kwenye utepe milele. Nayo santuri ndogo ilibeba kama dakika tatu kila upande, hivyo nyimbo nyingi zikagawanywa: mashairi upande wa kwanza, chemko upande wa pili. Mpangilio wa namna hiyo huwezi kuubuni mbele ya maikrofoni. Ulitengenezwa kwenye mazoezi ya jioni, baada ya kazi.

Ufundi huo haukubaki kwenye dansi. Black Star Musical Club, klabu ya taarabu ya Tanga aliyoimbia Shakila Said, iliingiza gita na besi la umeme pamoja na midundo ya dansi katika taarabu, na Mombasa ikafuata. Ulivuka mpaka pia. Wilson na George Kinyonga, ndugu wa Tanga waliopitia Jamhuri Jazz, walikwenda Arusha mwaka 1970, kisha Mombasa mwaka 1971, wakaunda Simba Wanyika. Miongoni mwa waliojitenga nao mwaka 1978 na kuunda Les Wanyika alikuwa Omar Shabani, mpiga rizimu, aliyeitwa Profesa. Sikiliza "Sina Makosa" ya Les Wanyika ukiiacha sauti ya mwimbaji ipite: utasikia gita la katikati limeshika wimbo mzima.

Tanga yenyewe ilipungukiwa. NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi iliyoundwa mwaka 1964, iliwalipa wanamuziki mshahara, na mashirika mengine yakafuata. Klabu ya ridhaa ingeshindanaje? Mkonge uliporomoka bei. Mwaka 1977 mpaka wa Kenya ukafungwa hadi 1983, na Mombasa, iliyo karibu na Tanga kuliko Dar es Salaam, ikawa mbali, pamoja na soko la sahani la Kenya.

Kanda za Redio Tanzania zimehifadhiwa TBC, shirika la utangazaji lililoirithi, na kwa kawaida zinatambulishwa kwa jina la bendi, la wimbo na la mtunzi. La mpiga rizimu halimo. Waliofanya mazoezi kwenye nyua za Makorora ni wazee sasa, na wengi wametangulia. Familia zenye picha za bendi ziandike nyuma yake, kwa kalamu, nani alishika gita lipi, mwaka gani, na mchana alifanya kazi wapi.