Mganda, Ngoma Inayokwenda na Miguu

Agosti 1914, katika ghuba ya Liuli kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Nyasa, meli ya Kiingereza iitwayo Gwendolen iliikuta meli ya Kijerumani, Hermann von Wissmann, imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Ikaipiga mzinga na kuilemaza. Nahodha wa Kijerumani alikuwa hata hajapata habari kwamba vita vimeanza. Kwa miaka minne iliyofuata, nchi ambayo leo ni Mkoa wa Ruvuma ilikanyagwa na majeshi. Waingereza waliingia Songea Septemba 1916. Mwishoni mwa Septemba 1918 kamanda wa Kijerumani, Lettow-Vorbeck, na mabaki ya jeshi lake walivuka tena Mto Ruvuma wakitokea Msumbiji, wakapita jirani na Songea, wakashika njia iliyowafikisha Rhodesia ya Kaskazini. Kila jeshi lilivuta msafara wa wapagazi, na wengi wa wapagazi hao hawakurudi makwao.

Waliorudi walikuwa wamelishika gwaride. Walijua kupanga mistari, kugeuka kwa filimbi, kuinua mguu mmoja wote pamoja. Walijua sauti ya ngoma ya jeshi, ile inayomwambia mtu lini aukanyage udongo. Kutokana na ujuzi huo, uliopatikana kwa jasho na vifo, watu wa pande za Ziwa Nyasa walijitengenezea ngoma yao, mganda. Mpaka leo Wanyasa na Wamatengo wanaicheza, Wangoni wa Songea nao wanaijua, na ng'ambo ya ziwa, nchini Malawi, iko pamoja na ndugu yake malipenga.

Mtu akiiona kwa mara ya kwanza huenda akadhani anatazama kikosi. Wanaume wamejipanga kwa safu, kaptula nyeupe, mashati meupe, soksi zimevutwa hadi karibu na magoti. Mkononi kuna mgwisho au kifimbo. Mbele yupo mwenye filimbi. Vikundi vingi vya ngoma za ukoo huu vimekuwa na vyeo: kingi, kapteni, meja, sajini, na hata daktari. Vipo pia vibuyu vya kuvumia, vilivyotobolewa na kuzibwa tundu moja kwa utando wa mayai ya buibui. Mchezaji anaimba ndani yake, na sauti yake inatoka imegeuka tarumbeta. Hakuna shaba hata kidogo. Kuna kibuyu, buibui na pafu la mtu, na mlio unaotoka una ukali wa bendi nzima.

Lakini mambo yote hayo, mavazi, vyeo na vibuyu, yanaanguka kama ngoma haikupigwa inavyotakiwa. Na hapo ndipo ilipo kazi kubwa.

Ngoma ya gwaride ina bwana mmoja, naye ni saa. Kila pigo ni sawa na lililotangulia, kila hatua ni sawa na iliyopita, maana jeshi linataka watu mia watembee kama mmoja na wafike wakati uliopangwa. Mganda umechukua mistari ya jeshi ukaacha haraka yake. Mchezaji anajongea kwa hatua fupi, goti linapinda, kiwiliwili kinaelea kidogo kabla mguu haujatua, kisha safu nzima inashuka pamoja. Anayetaka kujua mganda umeachana wapi na gwaride aangalie magoti. Mpigaji mzuri huyaangalia pia. Hukubali pigo lake lingoje goti, na akiona safu imechoka hulisogeza mbele kidogo ili liwainue. Mwenye vumi, ile ngoma kubwa, anaweka msingi. Mwenye chapuo, ndogo yenye sauti kali, anajaza nafasi kwa vijipigo vya haraka. Kati ya wawili hao kuna nafasi nyembamba sana, na humo ndimo mchezaji anamopata uhuru wa kuwa mtu, asiwe askari.

Ujuzi huu una ndugu mbali sana, katika jiji la New Orleans, Marekani. Huko nako ulianza na bendi za jeshi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1865, ngoma na matarumbeta ya aina ile yaliingia mikononi mwa watu weusi waliokuwa wametoka utumwani. Walikuwa na vyama vya kuzikana na kusaidiana, na chama kilipompoteza mwanachama kilimsindikiza kwa bendi. Bendi na wanachama walikuwa mstari wa mbele. Nyuma yao walifuata watu wa mtaani, bila sare wala mwaliko, wakicheza kwa miguu na leso na miavuli. Hao wakaitwa mstari wa pili, na jina hilo likahamia kwenye mapigo yenyewe.

Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa sana habari za vyama vya kuzikana. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma ya beni, alionyesha jinsi beni ilivyoanza mwambao wa Kenya katika miaka ya 1890, ikazaa vyama vikubwa vya Marini na Arinoti, ikasambaa bara pamoja na vita vya 1914 hadi 1918. Vyama hivyo vilicheza, vikashindana kwa mavazi na majigambo, na pia vilisaidia wanachama wao katika shida na misiba. Mganda uko katika ukoo huo huo. Kwa hiyo watu wa Ziwa Nyasa na watu wa New Orleans, bila kujuana, walichukua chombo kimoja cha jeshi wakakipa kazi moja, ya kuwakusanya watu wanaohitajiana.

Ngoma inayobeba mapigo ya mstari wa pili ni snea, ngoma fupi ya ngozi mbili yenye nyuzi zilizonyooshwa chini ya ngozi ya chini. Fimbo ikigonga juu, nyuzi zinatetemeka chini, na mlio unakuwa mkavu wenye mchakacho. Katika bendi ya kutembea hakuna kiti. Mmoja anaibeba snea kwa mkanda, mwingine anabeba ngoma kubwa yenye sahani ya shaba juu yake, na wawili hao lazima wapumue pamoja. Kwa kuwa ngoma iliyoning'inizwa kwa mkanda hulala upande, mpigaji wa zamani aliishika fimbo ya kushoto kwa kiganja kilichoelekea juu, na wapigaji wengi wa jazi wanaishika hivyo hadi leo, ingawa wamekaa vitini na ngoma zao zimesimama sawa.

Kinachofanya mapigo hayo yawe ya New Orleans, na siyo ya kambi yoyote ya jeshi, kiko katika mambo mawili. La kwanza, ngoma kubwa inatilia uzito pigo la nne, mahali ambapo gwaride la kawaida halingetarajia, na mwili unasukumwa mbele kabla duru mpya haijaanza. La pili ni gumu kulielezea. Karatasi ya muziki humpa mpigaji njia mbili za kugawa pigo: vipande viwili vilivyo sawa, au kirefu kikifuatiwa na kifupi. Snea ya mstari wa pili hukaa katikati ya njia hizo. Haiko sawa, wala haijapinda kabisa. Inakwenda na kurudi kati ya hizo mbili ndani ya wimbo mmoja, kadiri barabara inavyopanda na watu wanavyochangamka. Ndiyo maana wanafunzi wengi stadi, wenye mikono myepesi kuliko wazee, wakiipiga kwa kusoma tu husikika kama watu wanaoongea lugha waliyojifunza kwenye kamusi.

Wapigaji waliojua siri hiyo waliipata kwa miguu. Earl Palmer, ambaye fimbo zake zinasikika katika rekodi ya Fats Domino ya mwaka 1949, "The Fat Man", alianza maisha ya jukwaani akiwa mtoto mchezaji wa kugonga sakafu kwa viatu. Alikuwa mchezaji kabla ya kuwa mpigaji. Naye Paul Barbarin, mmoja wa mabingwa wa ngoma wa jiji hilo, alifariki Februari 1969 akiwa barabarani, katika maandamano ya kanivali, snea ikiwa mwilini. Alikuwa na umri wa karibu miaka 70 na bado alikuwa anatembea na bendi.

Huku Afrika wapo waliojaribu kuyaweka mapigo ya mganda kwenye karatasi. Mwaka 1945 mmisionari A. M. Jones, aliyefanya kazi Rhodesia ya Kaskazini, alichapisha makala kuhusu mganda. Ni jambo la heshima kwamba mtu wa karatasi aliona ngoma hii inastahili kusomwa, wakati ambapo wengi wa rika lake waliiona kuwa ni mwigo wa Wazungu tu.

Neno hilo, mwigo, bado linaufuata mganda. Katika mazungumzo ya utamaduni mjini Songea, lizombe ya Wangoni hupewa nafasi ya kwanza, na kwa haki, maana ni ngoma yenye nguvu na kumbukumbu. Mganda wenye kaptula na kingi na kapteni huulizwa vyeti vyake vya asili. Swali hilo lina kasoro. Wangoni wenyewe walifika Songea baada ya safari iliyoanza Afrika Kusini na kuvuka Zambezi mwaka 1835. Walikuja na ngao, na mpangilio wa majeshi yao haukuwa mgeni kwa nidhamu. Mji huu ndio ulioshuhudia wapiganaji wa Majimaji wakinyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906, na Nduna Songea Mbano, ambaye jina lake linabebwa na mji mpaka leo, naye akanyongwa. Watu wa nchi ya namna hiyo walipoichukua ngoma ya jeshi lililowatawala, wakaivisha utando wa buibui na kuipiga kwa mwendo wao, walikuwa wameshinda kitu. Uhalisi wa mganda umo katika ushindi huo. Unajulikana kwa namna mpigaji anavyoishi na wachezaji wake, na mpigaji asiyewaona wachezaji wake anapiga uongo hata kama ngozi ya ngoma yake imewambwa na babu yake mzaa baba.

Jambo hili linaonekana wazi siku ya harusi. Katika miji ya Tanzania, Songea ikiwamo, matarumbeta hukodiwa kusindikiza maharusi. Wapigaji hupandishwa nyuma ya pikapu pamoja na snea na ngoma kubwa, na gari linakwenda kwa kasi ya gari. Juu huko mapigo huwa makavu na magumu. Hakuna mguu wa kuyajibu, kuna taa za barabarani na bodaboda zinazopiga honi. Kisha msafara unafika kwenye geti la ukumbi, wapigaji wanashuka, shangazi wa bwana harusi anawaingia katikati na kanga kiunoni, na ghafla ngoma ile ile, kwa mikono ile ile, inapata uhai. Mpigaji amempata mtu wa kumfuata. Hakuna fundi wa mitambo anayeweza kuurekebisha upungufu wa pikapu kwa kuongeza sauti.

Jukwaa nalo lina madhara yake. Kwenye sherehe rasmi kikundi cha mganda hupewa dakika chache, kikaelekezwa meza kuu, na kipaza sauti kikawekwa mbele ya ngoma. Ngoma iliyozaliwa kwa kutembea inasimamishwa mahali pamoja. Vibuyu vinaimba, soksi zinang'aa, wageni wanapiga makofi, na kikundi kinashuka kabla goti halijapata moto. Watoto, ambao ndio wangekuwa mstari wa pili, wamezuiwa nyuma ya kamba.

New Orleans walipata somo kali kuhusu watoto. Kimbunga Katrina cha mwaka 2005 kilitawanya familia za mitaa ile ambayo bendi zilitokea. Derrick Tabb, mpiga snea wa Rebirth Brass Band, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa mpango wa kuwafundisha watoto muziki wa bendi za kutembea baada ya masomo. Alijua kwamba mapigo ya mji wake hayakai kwenye rekodi. Yanakaa katika vijana waliokwisha kutembea nyuma ya mkubwa anayeyajua.

Songea ina nafasi ambayo miji mingi haina. Kila Februari Makumbusho ya Taifa ya Majimaji huadhimisha mashujaa, na vikundi vya ngoma hualikwa kutoka pande mbalimbali za mkoa. Basi waandaaji na maofisa utamaduni wa Songea, Mbinga na Nyasa waipe ngoma barabara. Vikundi vya mganda, na vya kioda, ngoma ya akina mama, vianzie mjini vitembee hadi makumbusho, bila gari wala spika, na kamba iondolewe ili watoto wafuate. Na wenye simu za kupigia picha, wanaporekodi, wasiikazie macho mikono ya mpigaji peke yake. Waichukue na miguu ya wachezaji katika picha hiyo hiyo, kwa sababu kijana atakayejifunza kesho atahitaji kuviona vyote viwili.