Zizi la Ng'ombe Wazee

Ng'ombe akizeeka na kukauka maziwa, mfugaji mdogo wa India hubaki na mzigo: lazima amlishe, naye hapati kitu. Hapo ndipo goshala inapostahili pongezi. Ni zizi la hisani linalowapokea ng'ombe wazee, vilema na wanaozurura mitaani bila mwenyewe, likawatunza hadi wafe kifo cha kawaida.

Kazi yenyewe ni ngumu. Wahudumu hujaza mahori, huosha vidonda, hufukuza nzi, na kuzoa samadi. Samadi hiyo hufinyangwa kwa mikono kuwa mikate mipana, ikaanikwa juani na kuwa kuni za jikoni. Waumini wa Kihindu nao hufika na majani mabichi na sukari guru.

Heshima hii kwa ng'ombe huanzia nyumbani: katika nyumba nyingi za Wahindu, chapati ya kwanza kuiva ni ya ng'ombe. Watu watakula baadaye. Mungu Krishna mwenyewe, kwa imani yao, alilelewa na wachungaji wa ng'ombe. Samli ya maziwa ya ng'ombe huwasha taa za hekaluni. Na huko Tamil Nadu, kila Januari, wakati wa Mattu Pongal, ng'ombe huogeshwa, wakapakwa rangi kwenye pembe na kuvishwa maua shingoni. Inapendeza mno!

Kifungu cha 48 cha Katiba ya India kinaielekeza serikali ijitahidi kuzuia uchinjaji wa ng'ombe. Lakini kifungu hakinunui majani. Goshala nyingi huyanunua kwa michango ya wafanyabiashara na sadaka za waumini, ambao wengi hutoa zaidi siku ya Gopashtami, sikukuu ya ng'ombe.